Chupa ya Kupozea Matairi

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumapili, matairi manne ya gari dogo jekundu yalikuwa baridi. Mkaguzi wa mizani alilithibitisha hilo mwenyewe: aliinama, akaweka kiganja juu ya tairi moja baada ya jingine, kisha akasimama na kujifuta mkono kwa kitambaa. Mpira ulikuwa mkavu na mgumu kama soli ya kiatu ambacho hakijavaliwa. Upepo ulivuma kutoka upande wa ghala, na jua lilikuwa bado limejificha nyuma ya mawingu. Hata angeiagiza siku kiwandani, asingeletewa nzuri zaidi.

"Unayapapasa kama maembe ya sokoni," mdogo wake alimwambia. "Yameiva?"

"Bado," alisema.

Hapo palikuwa maegesho ya ghala lililofungwa zamani, lami pana isiyo na kazi. Kila mwezi wapenzi wa magari walikusanyika, wakapanga koni za rangi ya chungwa, na kila dereva akapita katikati yake peke yake mara tatu, akishindana na saa, muda wake bora ndio ukihesabiwa. Hakuna aliyempita mwenzake. Mzunguko mmoja haukufika dakika. Zawadi haikuwepo pia. Watu walikuja na magari yao ya kwendea kazini, wakatoa viti vya watoto na kuvipanga ukutani, jioni wakavirudisha na kwenda zao.

Siku hiyo, kwa watu wawili, zawadi ilikuwepo, nayo ilikuwa gari jekundu lenyewe. Lilikuwa la baba yao, ambaye hata mke wake alimwita Mzee, na Mzee alikuwa amefariki bila kusema nani atalirithi. Mdogo, ambaye kwa kuzaliwa wa mwisho waliishia kumwita Kitinda, alilitaka kwa sababu alikuwa amelifufua. Kwa miezi mingi alishinda chini yake uani kwa mama yao. Alishusha injini na kuipandisha, akashona viti kwa mkono wake. Dada yake, yule mkaguzi, alilitaka kwa sababu Mzee aliwahi kusema mbele za watu, huku akicheka, kwamba gari halirithiwi na kobe.

Kobe alikuwa yeye.

Mama yao alichoka kuwasikiliza. "Baba yenu alilipendea koni," aliwaambia. "Basi nendeni kwenye koni. Mwenye muda mzuri alichukue. Atakayeshindwa asinililie."

Alhamisi kabla ya mashindano, ndugu hao wawili walikwenda pamoja kununua matairi, maana ya zamani yalikuwa yamelika hadi nyuzi. Muuza matairi alikuwa mtu mnene mwenye maneno, na wateja walimwita Bwana Upepo. Kwa rimu za ukubwa ule alikuwa amebakiwa na aina mbili. Ya kwanza ilikuwa na mifereji mingi na sura ya kawaida kabisa. Ya pili ilikuwa karibu haina mifereji, nyeusi tii, pana, imekaa kishari.

Kitinda alichuchumaa mbele ya hiyo ya pili kama mtu aliyepotelewa na ndugu akamwona stesheni.

"Dada, haya ndiyo matairi. Yale mengine ni ya mwalimu mkuu kwendea benki."

"Chagua wewe," mkaguzi alisema. "Gari umelitengeneza wewe. Nitalipa mimi."

Kitinda alimtazama kuona kama anataniwa. Alipoona hataniwi, macho yake yalilegea, akatoka nje mbio kulegeza nati kabla dada hajabadili mawazo.

Bwana Upepo alingoja mpaka mlango ukajifunga. "Dada'ngu, mmesema ni ya nini? Ya zile mbio za koni?"

"Ndiyo."

"Basi umzuie huyo. Hili ni tairi la mbio ndefu. Likiwa baridi linateleza kama sabuni, mpaka lipashwe moto ndipo linashika. Mzunguko wenu wa dakika moja, litaamka wewe umeshamaliza. Chukua hili la mifereji. Ni laini, linashika tangu linatoka getini."

"Sisi ni wawili kwenye gari moja," mkaguzi alisema. "Akishuka mmoja, anapanda mwingine hapohapo. Huyo wa pili je?"

Bwana Upepo alicheka. "Wa pili atakuta chakula kimeiva. Wa kwanza ndiye mpishi." Kisha akaacha kucheka, kwa sababu mteja wake hakuwa amecheka. "Utamwambia lakini?"

"Funga hayo aliyochagua," alisema mkaguzi.

Hakumwambia.

Mambo hayo mkaguzi hakuyajua kwanza kwa Bwana Upepo. Alikuwa na miaka kumi na saba Mzee alipoanza kumpeleka kwenye koni. "Tangulia, mwanangu," alimwambia kila mara, "mimi mtu mzima nitakufuata." Akatangulia. Gari likamtoroka kwenye kona ya kwanza, usukani ukawa kama umefungwa kwenye uji. Mzee akapanda baada yake, akapita kona zilezile ametulia, akashuka na muda mzuri zaidi. Kisha akamkabidhi chupa ya kunyunyizia maua. "Yapoze matairi, yasije yakayeyuka." Akayapoza yote manne, kwa uangalifu wa mtu anayeogesha mtoto. Magari mengine yalipomaliza kupita, zamu yao ilirudi, matairi yamelowa na kupoa, na Mzee akasema tena, tangulia, mwanangu.

Ndivyo alivyopata jina la Kobe. Kitinda, siku hizo akiwa bado anabebwa mabegani kwa Mzee, alilijua jina hilo kabla hajajua lake halisi, na alilipigia kelele, uwanja mzima ukacheka.

Mwaka wa mwisho mguu wa Mzee ulimuuma, akaomba kutangulia ili awahi kwenda kuketi. Siku hiyo binti yake alimshinda mbali sana. Aliposhuka aliinama kutazama kama ameharibu kitu, mkono wake ukagusa tairi. Lilikuwa la moto. Alikaa hapo ameliwekea mkono, akageuka kumtazama baba yake. Mzee alikuwa anatazama upande mwingine. Hakuna aliyelisema jambo lile, na jina halikufutwa.

Sasa Mwenye Saa, mpima ardhi mstaafu aliyesimamia mashindano, alikuja na karatasi zake. "Gari jekundu. Nani anatangulia?"

"Mdogo kwanza," mkaguzi alisema. "Kama alivyokuwa anafanya Mzee."

Kitinda aliona amepewa heshima. Alivaa helmeti, akajipigapiga kifuani. "Kobe, usilale. Sitachelewa."

Kwenye kona ya kwanza pua ya gari ilikwenda moja kwa moja kama haijaambiwa. Alilirudisha, likazungusha mkia, akalikamata, akafika mwisho ameloa jasho. Sekunde hamsini na moja. Dada yake alipanda kiti kikiwa bado na joto lake. Gari lilikata kona moja baada ya nyingine kama mkasi. Arobaini na nane.

"Ee, Kobe ameota magurudumu," mtu mmoja alisema kwenye foleni, na watu wakacheka.

Kitinda naye alicheka, akichelewa kidogo. "Sijalizoea tu." Kisha akafungua buti, akatoa ile chupa ya Mzee. Alikuwa ameikuta kwenye vitu vya marehemu, akaiosha, akaibadilisha mdomo. "Niyapoze?"

"Yapoze."

Aliyazunguka yote manne, amepiga magoti kwenye lami, akinyunyiza kama mwenye miche. Mvuke mwembamba ulipanda. Mama yao, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja karibu na meza ya Mwenye Saa, alimtazama mpaka alipomaliza.

Magari yote yakapita kwanza. Ilikuwa saa nzima kabla zamu yao haijarudi.

Mzunguko wa pili Kitinda alipata muda mbaya kuliko wa kwanza. Alishuka, akamkuta dada yake ameshavaa helmeti. Mkaguzi alipomaliza, amejipunguzia muda tena, alimkuta mdogo wake amechuchumaa anapima upepo wa matairi kwa mara ya tatu.

"Nini kibaya?" Kitinda aliuliza. "Upepo uko sawa. Breki nimefunga mwenyewe. Injini inaitika. Kwako linakwenda, kwangu halitaki. Niambie basi unafanyaje."

Mkaguzi alivua helmeti bila haraka. Kazini alikuwa amewaambia wauza duka wengi kwamba mizani yao ina kasoro, na sauti aliyoitumia sasa ilikuwa ileile.

"Huenda si fani yako. Wewe ni fundi, tena mzuri. Kuna wa kutengeneza na kuna wa kuendesha."

"Mzee angesema nini?"

"Angecheka."

Hilo lilikuwa kweli, na Kitinda alilijua. Aligeuka kutafuta chupa. Haikuwa kwenye buti. Ilikuwa mikononi mwa mama yake, ambaye alikuwa amefungua kifuniko na kumwaga maji taratibu miguuni pake.

"Mama, hayo ni ya matairi."

"Najua ni ya nini. Usiyapoze."

"Mzee alikuwa anayapoza kila mara."

"Mzee alikuwa anampozea dada yako," mama alisema. "Yeye mwenyewe aliyakuta ya moto."

Kitinda alirudi kwenye gari akaweka kiganja juu ya tairi la mbele. Aliuacha mkono hapo. Dada yake alijua anachokisikia, kwa sababu aliwahi kukisikia.

"Ndiyo maana ukaniacha nichague mimi," Kitinda alisema.

"Uliyapenda."

"Basi tangulia wewe."

Kitinda alikwenda mezani. Mwenye Saa alimsikiliza, akakuna kidevu, akasema utaratibu uliandikwa asubuhi, lakini akawaangalia wote wawili. "Mkikubaliana nyote, mimi ni nani?"

"Sikubali," mkaguzi alisema.

Foleni nzima ilisikia. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kitinda hakubishana. Alivua koti lake akalifunga kwenye tairi moja la mbele. Jingine akalifunika kwa zulia la miguuni, mengine mawili kwa zulia la nyuma na shati lake, akaketi upande wa upepo na fulana, akiyakinga kwa mgongo, saa nzima. Kila mara aliingiza mkono kugusa. Dada yake alimwona uso ukibadilika kidogo kila alipogusa, akajua bila kuuliza joto limefika wapi.

Zamu ilipofika matairi yalikuwa vuguvugu. Kitinda aliyafunua, akapanda. Kona ya kwanza gari liliyumba, halikukimbia. Ya pili likaitika. Sehemu ya mwisho aliipita kwa kasi ambayo mtu yeyote pale hakuwa ameiona asubuhi ile, na wapo waliosimama. Muda ulikuwa mzuri kuliko wowote wa dada yake. Kisha mwamuzi aliyesimama kwenye mstari wa mwisho akainua bendera na kuonyesha koni moja iliyolala kwa ubavu.

Koni moja ikiangushwa ni sekunde mbili za kuongezwa.

Mkaguzi alipanda. Matairi yalikuwa ya moto sasa, mdogo wake ameyapasha vizuri kuliko siku zote. Hakuhitaji kukimbia sana. Alipita katikati ya koni bila kuzigusa, akasimama, na Mwenye Saa akasoma matokeo kwa sauti isiyo na furaha.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Mama alikuwa anakunja kiti chake. "Kabla yako nilitangulia mimi. Hukuwa umezaliwa. Nilinyunyiza maji miaka, najiona sijui kuendesha. Nilipogundua, nilikaa kimya ili nyumba ikalike. Wewe ulipofikisha umri, akakuchukua wewe. Nikapumzika."

"Ukaniacha."

"Ulikuwa unapenda kwenda naye."

"Na leo? Kwa nini yeye umemwambia?"

"Yeye ndiye ninayeishi naye," mama alisema.

Aliingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akamwekea binti yake kiganjani. "Nilisema mwenye muda mzuri. Sikusema zaidi ya hapo."

"Panda basi, nikupeleke nyumbani."

"Nitakwenda na huyu."

Kitinda alikuwa ameshatoa kwenye buti spana zake, jeki yake na mkebe wa nati, akavipanga ndani ya begi. Alivaa shati lake lenye alama ya tairi mgongoni. Mkaguzi alipofungua mlango, Kitinda alimnyooshea chupa tupu.

"Hii ni yako," alisema. "Safari njema, Mzee."

Mkaguzi aliipokea.

Saa nane na robo mchana, Mwenye Saa aliwafungulia geti. Mama na Kitinda walitoka kwanza, kwa miguu, begi la spana katikati yao, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa begi. Gari jekundu lilitoka baada yao likiwa na mtu mmoja ndani, likawapita, likakata kushoto.