Pindo la Vidole Vinne

Jina la mjukuu wangu silitaji, hakimu amekataza. Mahakamani anaitwa Shahidi wa Kwanza. Mimi nyumbani nilikuwa namwita Kijiti, kwa wembamba wake, na hilo halimo kwenye faili, kwa hiyo nadhani sifungwi.

Mimi fundi cherehani, shule niliishia la tatu. Binti yangu alipofariki tukabaki wawili, mimi na Kijiti, watatu ukihesabu cherehani. Akaja mteja wangu mmoja, mama mpole, nguo zake nimeshona miaka. Akasema nimpe mtoto akae na wanawe, asome. Nikampa, kwa mkono wangu huu. Nikamshonea na sare, pindo nikaacha vidole vinne, maana watoto wa umri ule ukigeuka tu wamerefuka. Shule hakuiona. Alikutwa baada ya mwaka kwenye nyumba ya watu baki, anafua, anapika, analala jikoni. Na hakuwa peke yake aliyepelekwa na yule mama.

Basi, siku ya kesi nikanyoa ndevu, nikawahi. Nimekaa benchi la korido, kila mlango ukifunguka nanyanyuka. Akaja yule dada wa ustawi wa jamii anayemtunza tangu alipookolewa, akanieleza taratibu. Mtoto anasemea chumba kingine, mahakama inamwona kwenye televisheni, ili asitazamane na yule mama. Wamemwingiza mlango wa nyuma. Anapoishi hapatajwi, hata kwangu. Nikamwambia basi nikae naye tu, nimshike mkono, mdomo sifungui. Akasema haiwezekani, na mimi ni shahidi, wakili wa yule mama atasema nimemfundisha maneno. Aliyekaa naye ni matroni wa huko huko anakoishi. Kama mtoto aliniulizia, sikuthubutu kuuliza.

Nikakaa mpaka saa sita. Nyuma ya ukuta mjukuu wangu anaongea, mimi nasikia feni.

Nikaitwa. Wakili wa yule mama akaniuliza, "Mzee, nani alimkabidhi mtoto?"

"Mimi."

"Kuna aliyekulazimisha?"

Maneno niliyokuwa nimeyapanga wiki nzima yote yakapotea. "Hakuna," nikasema.

Akakaa, ameridhika. Mimi nikaona nimemponza mtoto mara ya pili.

Ndipo mwendesha mashtaka akatoa sare kwenye mfuko. Eti naitambua? Nikaigeuza ndani. Mshono wangu. Pindo vidole vinne, na mstari wa chaki yangu bado mweupe.

"Mheshimiwa," nikamwambia hakimu, "chaki hii ukifua mara moja tu inatoka. Hii nguo haijawahi kufuliwa. Mtoto hakuivaa hata siku moja."

Hakimu akaandika, akaandika sana. Yule mama akawa anatazama kucha zake. Nikaomba nirudi na sare yangu. Hakimu akasema kwa upole ni kielelezo, itabaki mpaka kesi iishe.

Korido nikamkuta yule dada. Kijiti walishamtoa kwa nyuma.

"Mwanangu, hajambo huko aliko?"

"Hajambo, babu. Zaidi ya hapo siwezi kusema."

"Na urefu?"

Akafikiri, akatazama huku na huku. "Urefu sheria haijaugusa," akasema, akasimama wima, akaweka kiganja chini kidogo ya bega lake. Nikatoa futi mfukoni, nikapima toka kiganja mpaka sakafuni. Askari wa mlangoni akacheka, akauliza kama na yeye nampima suruali.

"Kiuno je?"

"Ah, huko bado ni Kijiti tu."

Futi ikanishinda kukunja. Jina lile halimo kwenye faili, na mimi sikumwambia. Ni mtoto mwenyewe aliyemwambia.

Nimerudi, nyumba kimya, cherehani tu ndiyo inasema. Sare mpya nimeshaikata. Pindo safari hii nimeacha vidole sita, maana sijui kesi itaisha lini.