Mwanamke Mmoja na Mtoto

…na kidole cha Mai kinashuka polepole, mstari kwa mstari, maana karatasi ni ya mwaka hamsini na saba, ukiivuta inabomoka, nami nimebana pumzi, mwanangu Tadala kalala mgongoni, Mai Nambewe mtunza majalada kanipa kiti chake mwenyewe, hata penseli kanichongea kwa kuwa kalamu ya wino humu hairuhusiwi, mtu mwema, nisije nikalia mbele yake… "Hii hapa, mdogo wangu, kesi ya shamba la Likangala, mshindi Chipojola," nami, "Si Chipojola, Mai, aliyeshinda ni bibi yangu, Abiti Msosa," naye, "Ndivyo ilivyoandikwa," na kweli ndivyo, Chipojola kaka yake bibi, kwetu shamba ni la wanawake, binti humrithi mama, lakini barazani kaka ndiye humsemea dada, basi alisimama akasema, karani akaandika jina la aliyesimama, kila mtu alijua shamba la nani, nani angeuliza, sasa wote wamekufa na wajukuu wa Chipojola wanasema ni la babu yao, siku tatu nimekaa humu kutafuta karatasi ya kuwanyamazisha, kumbe itaninyamazisha mimi… "Ona hapa chini," anasoma, "'Mwanamke mmoja yupo sakafuni na mtoto. Mtoto amelia. Baraza limengoja anyonye,'" mwanamke mmoja, bibi huyo, na mtoto ni mama yangu, wazee wote wale walimngoja mama yangu anyonye, wasimwandike jina aliyemnyonyesha… "Karani alikuwa na huruma," Mai anacheka kidogo, "jina tu ndilo lililomshinda. Nikupigie mhuri nakala?" nakala ya nini, nikawapelekee wao?, Jumatatu baraza linakaa, mjomba wangu amefua koti la kuja kunisemea, ananipenda, maneno ameyakariri kabisa, na karani wa leo ataandika jina la aliyesimama… Tadala anajinyoosha, analia, "Mnyonyeshe kwanza, mama, mimi nipo," namfungua mgongoni, shamba sijui, shamba labda limekwenda, sina la kufanya, ila mjomba nitamwambia kwa heshima aketi, nitasimama mimi, nimtajie karani jina langu herufi moja moja, hata kama ataliandika kwenye mstari wa aliyeshindwa, na Tadala ananyonya, na Mai anangoja, kidole bado kipo palepale…