Zifuatane

Nilisikia mlio mdogo tu kwenye simu, kama kifungo cha shati kilichodondoka sakafuni.

"Dada, mashine imezima," mdogo wangu alisema.

"Imezimaje? Si una betri mbili?"

"Nimeziunga zifuatane, kama ulivyoniambia."

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na yeye, kabla hajawa fundi cherehani, alikaa darasani kwangu. Somo hili alikuwa akiliimba huku akiwachekesha wenzake: betri zikifuatana, chanya kwa hasi, volti hujumlishwa, zikiwa sambamba, volti hubaki vilevile, ila zinadumu zaidi. Mashine ya oksijeni ya baba ilitaka volti kumi na mbili, na kila betri ilikuwa na kumi na mbili zake.

Asubuhi ile umeme ulipokatika alinipigia. Nilikuwa ofisini nasahihisha madaftari, simu nimeibana begani. Aliniuliza betri azitumie vipi. "Zifuatane tu," nikamjibu. Nilimaanisha atumie moja, ikiisha achukue ya pili. Mtu mwingine yeyote angenielewa. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilijikwaa bila hata kujua.

Volti ishirini na nne kwenye mashine ya kumi na mbili. Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama, kalamu nyekundu mkononi.

"Mwinue akae," nikasema. "Fungua madirisha. Ita gari."

"Nimeshaita. Dada, midomo yake imebadilika rangi. Nifanye nini kingine?"

Kutoka pale hadi nyumbani ni mwendo wa saa tano. Nilikuwa nikijibu kila swali lake tangu akiwa na miaka minne, na siku hiyo nilisema "mshike mkono" mara sijui ngapi, huku nikisikiliza pumzi za baba zikiachana zaidi na zaidi. Gari lilifika wakati hakuna tena cha kusikiliza.

Kesho yake nilikuta sebule imejaa ndugu. Mdogo wangu alikuwa amesimama katikati, macho mekundu, akimweleza kila aliyeingia.

"Ni mimi niliyekosea kuunga," alikuwa akisema. "Dada alinielekeza vizuri kabisa."

Nikafungua mdomo. Shangazi akanivutia kiti, akaniambia nimetoka mbali, nipumzike kwanza.

Nikakaa.