Riale Sita Zilizopungua

...na riale thelathini na nne zenye sura ya malkia zimeshalala juu ya mizani, malkia mgongoni mwa malkia, na Narendra, sonara wa Mombasa aliyehamia Alum Rock Road na mizani yake na miwani yake, anaongeza vijiwe kimoja kimoja kwenye mwanga wa mshumaa, umeme leo zamu ya kukatwa ni mchana, na Mwanamkasi anautazama mshale wa mizani na hasikii kitu, si hofu, si huzuni, ganzi tu, kama shavu lililochomwa sindano kwa daktari wa meno, unajua ni lako lakini ukilifinya ni la mtu mwingine... kaja kuuliza bei basi, gazeti limesema fedha imepanda, na bei ya fedha ndiyo bei yake yeye, Idarous mumewe kasema hivyo huku akichovya mkate kwenye chai, hata macho hakuinua: "Ukitaka khului, nirudishie mahari yangu nikuache. Riale arubaini, kamili, zile zile." Zile zile... zimeandikwa 1780, za babu wa babu yake, alizopewa na Sultani mkononi, na kila Idi akisimulia, Sultani anazidi kumpenda yule babu, mwaka jana walishafika kula sahani moja... na arubaini hazipo, sita aliziuza mwenyewe kwa siri, baridi ile ya mwaka wa kwanza huku kwa Waingereza, akamnunulia Idarous koti la sufu aende nalo kwenye usaili, akapata ukondakta wa basi, na kazi ikampa koti jingine, bure... angemwambiaje, kwamba Sultani kavaliwa mpaka viwiko vimetoboka, basi mwaka wa tatu huu anapika, anapakua, analala chumba cha cherehani, na majirani wa Saltley wanamwita mstahamilivu, sifa ambayo watu humpa mwanamke wakichelea asije akaomba kulala kwao... Narendra anasema kitu kuhusu uzito, sehemu kubwa fedha, iliyobaki shaba, yeye hununua kwa pauni moja na nusu, huuza kwa mbili, na Mwanamkasi anajisikia akiuliza, kwa sauti ya karani, kama ukongwe hauziongezei kitu. Sonara anaigeuza moja mbele ya mshumaa, anacheka kidogo, bila ubaya, kicheko cha mtu ambaye habari hii kashaitoa mara nyingi.

"Bibie, huo mwaka wanaupiga kwenye riale mpaka leo. Malkia huyu kafa zamani, wao wakaendelea tu. Hizi zako ni za juzi, baada ya vita. Pengine zimepigwa papa hapa mjini, Hockley."

Hockley... basi la Idarous linapita Hockley kila siku, yeye kasimama ngazini anakata tiketi, pengine mbele ya mlango uleule zinapopigwa riale Sultani anateremka na kulipa nauli, na Mwanamkasi anaingoja hasira ije, anaipa nafasi, haiji, hata kicheko hakiji, anamuuliza tu sonara kama anazo nyingine, Narendra anainama, anaibuka na kopo la biskuti, limejaa, malkia yuleyule, kidevu kilekile, lulu tisa kwenye kifungo cha bega, hata bibi yake Idarous aliyekuwa akizihesabu zile lulu kwa kucha asingezitenga, na sita ni pauni kumi na mbili... pochini anazo kumi na tano, mshahara wa kiwanda cha vifungo, alikuwa nazo Ijumaa iliyopita, na ile kabla yake, na mwaka jana, na hakuwahi kuingia duka lolote kuuliza, kila usiku alijiambia, ningeondoka, ila sita hazipo, akavuta blanketi, akalala, na alilala vizuri, hilo ndilo baya, alilala vizuri sana... mshumaa unaendelea kuwaka, mshale umetulia, mkono wake uko juu ya pochi, anaufinya, unauma, ni wake.

"Ngapi?" anauliza Narendra.

"Sita," anasema.