Mwalimu Asiyesikia

Asubuhi ya siku ya ripoti, mwalimu alikuwa dukani anapiga mabawa. Viwiko kavikunja, kiuno kakitoa nyuma kidogo, anatetea kama kuku anayetaga, yote hayo kwa ajili ya mayai manne. Neno la yai kwa lugha ya pale alikuwa analijua vizuri sana. Alijua hata la yai viza, na matusi mawili yanayotokana nalo. Lakini mkataba ulisema hajui, kwa hiyo hakujua. Muuza duka alimwacha atetee mara ya pili, kisha akamgeukia mkewe akamwambia, bila hata kushusha sauti, kwamba hawa walimu wa kuagizwa wana elimu kichwani ila ukiwaacha peke yao siku mbili watakufa njaa. Mwalimu akatoa tabasamu la picha ya pasipoti, akachukua mayai yake, akaondoka.

Miezi kumi sasa. Alitoka kwao na cheti cha kidato cha sita ambacho wino haujakauka, baada ya kuona tangazo kwenye simu linalotafuta vijana wenye Kiingereza safi, nauli juu ya shule. Kwao walimuaga kama balozi. Mjomba alitoa hotuba ndefu, dada yake alilia mpaka kope za kubandika zikaanguka kwenye sahani. Nani angemwambia kwamba anakwenda kuwa sanamu inayosema? Siku ya kwanza tu, Mkuu wa shule aliichukua pasipoti yake akaifungia kwenye kabati la chuma isije ikapotea, akamkalisha, akamfafanulia biashara. Wazazi hawalipii Kiingereza, alisema. Kiingereza kipo hata kwenye simu, bure. Wanalipia mtu aliyeletwa. Na mtu aliyeletwa hajui lugha yao. Akiijua, huyo ni jirani tu, na nani analipia jirani? Ndiyo maana ya kifungu cha tisa: mwalimu hatasema wala kuonyesha kwamba anaelewa lugha ya wenyeji, iwe darasani, dukani au njiani. Akivunja, kibali chake cha kazi kinafutwa siku hiyo hiyo.

Sasa, mdomo una mlango, sikio halina. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ofisi ya Mkuu, juu ya fundi wa matairi. Dirisha lake lilikuwa limepigiliwa misumari, na juu ya kioo wamebandika picha ya mji wa mbali wenye theluji, ili wazazi wakichungulia mlangoni waone mwalimu yuko katika mazingira yake. Kwenye ukuta wa mbao ilipita runinga ya jirani na katuni zake za asubuhi. Zikapita porojo za wanawake waliokuwa wanafua uani. Mwezi wa tatu akaanza kudaka maneno. Wa sita akawa anachekea moyoni. Wa nane aliota ndoto nzima kwa lugha ile, akaamka kajiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Akawa amezoea kunyamaza kiasi kwamba dada yake akipiga simu kila mara anauliza, "Mdogo wangu, upo, au mtandao umekata?"

Wanafunzi wa darasa la mchana, watu wazima wote, walimpa jina: Redio. Inasema, haisikii. Mlinzi wa benki ndiye aliyelianzisha, na tangu hapo wakawa wanamwaga mambo yao mbele yake kama watu wanavyoongea mbele ya kiti. Alijua kuwa mlinzi anamwogopa mama mkwe wake kuliko majambazi. Na alijua habari za Mama Cherehani.

Huyu alikuwa fundi nguo, mjane, vidole vimejaa alama za sindano. Binti yake aliolewa mbali, akazaa mtoto ambaye sasa ana miaka sita na anajua Kiingereza peke yake. Mwaka juzi walipokuja kumsalimia, bibi na mjukuu walikaa siku nane wanatazamana kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Hilo alilisimulia darasani siku moja kwa lugha yake, mwalimu akiwa amewapa mgongo anafuta ubao. Akalia kidogo, akajipangusa kwa utepe wa kupimia aliokuwa ameuvaa shingoni. Mwalimu aliendelea kufuta ubao uliokwisha takata.

Mama yule alikomaa na Kiingereza kama anashona nguo ya bibi harusi. Kila muhula Kiingereza chake kilipanda, na kila muhula Mkuu alimrudisha darasa la kwanza. Mwezi ujao mjukuu alikuwa anakuja tena.

Siku ya ripoti ofisini huwa na viti vitatu: mwalimu, mwanafunzi, na Mkuu katikati kama daraja. Mwalimu alimtazama mama machoni, akaongea polepole kwa Kiingereza. Alisema huyu mama yuko tayari. Anaongea vizuri. Hahitaji darasa tena, anahitaji mtu wa kupiga naye soga.

Mkuu alitikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi, akamgeukia mama kwa lugha yao.

"Anasikitika sana, mama yangu. Anasema ulimi bado mzito. Anakuomba muhula mmoja zaidi, usije ukajiaibisha mbele ya mtoto."

Kwamba Mkuu huongeza chumvi, mwalimu alikuwa anajua. Mtoto mvivu huwa kipaji, mtoro huwa mwenye ndoto. Lakini hii haikuwa chumvi, ilikuwa mchanga. Damu ilimchemka mpaka masikioni, na mdomo wake, jinsi ulivyofunzwa, ukatabasamu. Akafikiria pasipoti. Akafikiria mjomba na hotuba yake. Akainama, akajaza tarehe kwenye fomu, na mama akaliona lile tabasamu, akashukuru, akatoka.

Viatu viliachwa kwenye korido kulinda zulia la ofisini. Mwalimu alipotoka na orodha kumwita anayefuata, Mama Cherehani alikuwa kwenye benchi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Kando yake mlinzi alikuwa anasubiri zamu yake ya ripoti. Mlinzi akamuuliza imekuwaje.

"Bado," alisema mama. "Na unajua nilivyo mjinga? Nilimsikia kabisa anasema niko tayari. Neno kwa neno. Nikajiambia, leo nimeelewa yote. Kumbe nimeelewa kinyume."

Mlinzi alimwambia asijali, hata yeye huwa anasikia anavyotaka. Mama akatoa simu. Alisema anampigia binti yake, wasije na mtoto. Waje mwakani, yeye mwenyewe akishakuwa mtu. Akabonyeza, akaishika mapajani ikiita.

Mwalimu alisimama na orodha yake. Amrudie kwa Kiingereza? Angeelewa kila neno, na asijiamini, kama mara ya kwanza. Nyuma yake mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na Mkuu alikuwa anaguguna kalamu.

"Mama," mwalimu akasema, kwa lugha yao, "ulisikia vizuri. Nilisema uko tayari. Hayo mengine si yangu."

Kalamu ikanyamaza.

Alitegemea mama afurahi. Mama alimtazama kama mtu aliyekuta dirisha la chumba chake cha kulala limekuwa wazi mwaka mzima.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wangu wa sita hapa."

"Siku ile nilipolia, ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

"Ukaendelea kufuta ubao."

Mlinzi alijikohoza, akauliza kwa sauti ndogo kama na yale ya mama mkwe aliyasikia. Mwalimu akamwambia aliyasikia, na mlinzi akafunika uso kwa kofia.

Hapo ndipo simu ilipopokelewa. Haikuwa sauti ya binti. Ni ya mtoto, inauliza kwa Kiingereza ni nani huyo. Mama aliitazama simu kama pasi ya moto, kisha akaipandisha sikioni. Akasema ni bibi. Akauliza kama ameamka salama, amekula nini. Maneno yalitoka mojamoja, kila moja limepigwa pasi. Mtoto akaanza kueleza kitu kirefu, mbio mbio, na mama akakunja uso akimfukuzia. Akageuka nusu kumwangalia mwalimu, kama anayetaka kuomba msaada. Akaghairi. Akaugeukia ukuta.

"Sema tena," alisema kwa Kiingereza. "Taratibu. Bibi anasikiliza."

Mkuu alikuwa amefika mlangoni. Ngazini mzazi mwingine alikuwa anapanda, kwa hiyo uso wa Mkuu ulikuwa ule wa kupokelea wageni. Akamwita mwalimu ndani. Akaita tena. Mwalimu aliinua kidole kimoja, kama mtu anayeomba dakika tu, kwa sababu na yeye alitaka kusikia mtoto anajibu nini.