Octave Ajifunza Kunyamaza

Octave wa Kavimvira alikuwa na sauti nene ya kuita mtumbwi ulio katikati ya ziwa, kwa hiyo aliamini muziki hauna la kumfundisha. Majuma machache kabla ya uhuru wa mwaka wa sitini, Mwalimu Herménégilde alipowagawia wanakwaya karatasi za noti za wimbo wa sherehe, yeye alicheka.

"Minye naitwa Octave, Mwalimu. Jina lenyewe iko ya muziki!"

Noti hazikujali jina. Zenye vichwa vitupu na zenye mikia alizizoea polepole, kwa jasho. Kilichomshinda ni kialama cheusi kilichoning'inia mstarini, kabla tu ya neno la mwisho, "Uhuru!"

"Hapo unanyamaza mapigo manne," Mwalimu alimweleza.

"Nanyamaza juu ya nini? Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Kimya nacho kimeandikwa."

Kuandika kimya! Kwa Octave huko kulikuwa kuinjika sufuria tupu. Kila mazoezi aliropoka "Uhuru!" peke yake, hadi wanawake wa sauti ya kwanza wakatishia kuhama kwaya. Mkewe, Célestine, ndiye aliyemwokoa. Alimketisha jikoni, naye akawa anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Weye funga kinywa mpaka mchi upige mara nne."

Sombe ililainika kuliko uji, lakini Octave akanyamaza.

Siku ya sherehe kwaya iliimba vizuri mpaka kwenye kile kimya. Umati ukadhani wimbo umekwisha, ukapiga makofi. Wanakwaya wakababaika, wakashusha karatasi. Shefu mpya, mkuu wa mtaa, Bwana Hatungimana, mtu mwembamba wa sauti ya kuku, akaja kusimama mbele ya Octave, akakohoa, akapanua kinywa aanze hotuba.

Octave alikuwa amefumba macho, akihesabu polepole, kwa mwendo wa mchi wa Célestine. Tatu. Nne.

"UHUUURU!"

Watu walichoona ni kinywa cha shefu kilicho wazi.

"Mama we! Shefu iko na sauti!"

Wakambeba mabegani, wakaondoka naye wakishangilia, na hotuba yake mfukoni. Octave alipofumbua macho, uwanja ulikuwa karibu mtupu.

"Nimekosea tena?" aliuliza kwa woga.

Mwalimu alikuwa akijifuta machozi ya kicheko. "Hapana. Weye tu ndiye uliyesoma."

Jumatatu shefu alibisha hodi kwa Mwalimu, kofia mkononi.

"Watu wanataka niimbe tena," alinong'ona. "Na minye sijui hata noti moja."

Mwalimu alimpa kiti na karatasi. Shefu akaikodolea macho.

"Hivi vyote," akauliza, "ni vya kusoma leo?"