Keki ya Nane

Kwa miaka thelathini na mmoja nilipika kahawa katika idara ya kemia ya chuo kikuu pale Uppsala. Shule niliishia darasa la sita, lakini msomi mwenye wivu namjua kwa kijiko chake: anakoroga kikombe na sukari hajatia.

Holger Wernström alianza kukoroga hivyo siku Signe Tjäder alipopata njia ya kupima chumvi ya lithi katika tone moja la damu. Chumvi hiyo ni dawa ya watu ambao leo wanacheka hadi kuuza nyumba, na kesho hawataki kutoka kitandani. Ikizidi kidogo, ni sumu. Basi makala za Signe zikasomwa na wanakemia, na madaktari wa akili nao wakazigombania.

"Yule anakula kwenye meza mbili," Holger aliniambia.

"Na wewe?"

"Mimi nina meza yangu moja, Gunhild. Safi."

"Safi kweli. Haina hata makombo."

Mwaka ule mzee wetu alistaafu, kiti cha profesa kikabaki wazi, nao wote wawili wakakiomba. Ilijulikana kwamba kamati ingetazama ni nani ametajwa mara nyingi zaidi katika makala za wasomi wenzake. Hesabu hiyo ilikuwa katika vitabu vinene vya maktaba, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Holger alikuwa akienda kuvisoma na kioo cha kukuzia mfukoni, anarudi uso umemwiva.

"Mia tisa na kumi!" alininong'oneza siku moja, kama anayetaja ugonjwa.

"Zako?"

"Zake!"

"Na zako?"

"Kahawa yako leo chungu."

Akaanza kuandika makala fupi fupi kusema kipimo cha Signe kina kasoro. Sasa kwetu makala yako ikitoka, keki unanunua wewe mwenyewe, wenzio wanakula. Kwa hiyo kila alipomshambulia Signe, saa nne asubuhi Holger aliweka mezani keki ya kijani yenye waridi dogo juu. Signe alijikatia kipande chenye waridi.

"Asante, Holger. Leo nimekosea wapi?"

"Ukurasa wa tatu. Na wa nne."

"Nitasoma. Tamu hii."

Kumjibu kwa maandishi hakumjibu hata mara moja, na hilo ndilo lililomkereketa Holger kuliko yote. Zikatoka makala saba, tukala keki saba.

Nikamuuliza Signe tukiwa peke yetu, "Mwanangu, mtu anakusema mara saba, wewe unakula tu?"

Akalamba krimu kidoleni. "Gunhild, ukitaka kumkosoa mtu lazima umtaje: makala gani, mwaka gani. Holger ni mtu makini. Kila mara ananitaja makala zangu zote kumi na nne."

Nilicheka hadi nikamwaga maziwa.

Wiki ile ile kamati ikatoa neno: wangehesabu kutajwa kwa wanakemia tu, madaktari wa akili wasihesabiwe. Holger nusura anibusu.

"Meza moja, Gunhild! Kwa kemia tupu namzidi mia moja!"

Vitabu alivyohesabia ni vya zamani. Makala zake zile saba hazikuwa zimeingia. Vidole vyangu vilikuwa vimeshapiga hesabu: saba mara kumi na nne, tisini na nane. Mia bado haijafika.

"Kwa hiyo humwandiki tena?" nikamuuliza. "Watu watasema umekubali kipimo chake ni kizuri."

"Nani kasema?"

"Sijasema kitu. Mimi mpika kahawa tu."

Ya nane ikatoka mwezi uliofuata. Keki nzuri kuliko zote.

Kitabu kipya kilipofika kamati ikahesabu upya, na Signe akawa mbele kwa kumi na mbili. Holger alikwenda maktaba na kioo chake, akakaa huko hadi mchana. Aliporudi tulikuwa tunamsubiri, maana profesa mpya ndiye aliyenunua keki safari hii. Signe alikata kipande chenye waridi, akamsogezea.

"Chako hiki. Umekitolea jasho."

Holger akakila chote, mpaka waridi. Kikombe hakukigusa. Mwishowe akanigeukia.

"Gunhild, ni nani aliyenitia maneno niandike ile ya nane?"

"Sikumbuki, baba," nikamwambia. "Nikuongeze kahawa?"